Nilichojifunza kwa Wapigaji Wangu wa Besiboli Chuoni

Katika msimu wa vuli wa mwaka 2013, nilipoanza kazi ya kufundisha wapigaji wa besiboli katika chuo kidogo cha tambarare za katikati ya Marekani, nilikabidhiwa kijana wa mwaka wa pili ambaye upigaji wake haukunipendeza hata kidogo. Alisimama mikono ikiwa chini, karibu na kiuno, ilhali mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba mikono ya mpigaji hukaa usawa wa bega la nyuma. Aliunyanyua mguu wa mbele juu mno, na alipozungusha gongo alimalizia kwa mkono mmoja, kiwiliwili kikiwa kimeegemea nyuma kama cha mtu anayevuta ndoo kisimani. Hata hivyo, mwaka uliotangulia, akiwa bado mgeni chuoni, kijana huyo alikuwa amepata pigo safi, lile linalomfikisha mpigaji kituoni salama, zaidi ya mara tatu katika kila kumi, na katika mchezo huu anayefaulu mara tatu katika kumi huhesabiwa kuwa mpigaji hodari.

Nilikuwa na umri wa miaka 26, sikuwa na muda mrefu tangu niache kucheza, nilikuwa nimesoma kila nilichokipata kuhusu mwendo wa mwili, na kichwani mwangu ulikuwapo ule usemi wa wazee wetu kwamba samaki mkunje angali mbichi. Kuanzia Septemba hadi Januari nilimkunja. Nilimpandisha mikono, nikamshusha mguu, nikamzoeza kumalizia kwa mikono miwili, na kila jioni nilimwonyesha video zake ili aone jinsi alivyokuwa akibadilika. Kufikia mwisho wa Januari alikuwa akipiga kama mtu aliyechorwa kwenye kitabu cha mafunzo. Msimu ulipofunguliwa mwezi Februari, akawa anapiga hewa.

Nakumbuka vizuri alivyonijia mwezi Aprili, baada ya kuwekwa benchi kwa wiki ya pili, akaniuliza kwa upole, «Kocha, nikiwa pale nikisubiri mpira, nifikirie nini?» Nilimjibu kwa mambo saba. Aliyasikiliza yote saba, na Jumamosi iliyofuata akasimama uwanjani akiwa ameyabeba yote. Mwaka uliofuata hakurudi kwenye timu. Hakunilaumu wakati ule na hakunisema kwa mtu yeyote, lakini mimi najua kwamba alipoingia mikononi mwangu alikuwa anajua kupiga, na alipotoka alikuwa hajui tena.

Nitaeleza kidogo nilivyofika huko, kwa kuwa wasomaji wengi wa Kiswahili hawakukulia kwenye mchezo huu, na mimi pia sikuzaliwa ndani yake. Nilizaliwa Tanga, na nilikuwa na miaka kumi wazazi wangu walipohamia Omaha, katika jimbo la Nebraska. Mji huo umekuwa mwenyeji wa fainali za besiboli za vyuo vikuu vya Marekani kila mwezi Juni tangu mwaka 1950, isipokuwa mwaka 2020 zilipofutwa, na kwa miongo mingi michezo hiyo ilifanyika katika uwanja wa Rosenblatt, kabla haijahamishiwa uwanja mpya wa katikati ya mji mwaka 2011. Baba alininunulia tiketi ya majukwaa ya nje, yale yasiyo na viti vya namba, na tulikaa juani mchana kutwa tukijaribu kuelewa kwa nini watu wanasimama na kwa nini wanakaa. Kitu cha kwanza nilichokielewa kilikuwa mpambano wa watu wawili: mrushaji juu ya tuta lake, na mpigaji kando ya kibao cheupe kiitwacho nyumbani, chenye upana wa sentimita 43. Mambo mengine yote ya uwanjani husubiri wawili hao wamalizane.

Kati ya mrushaji na kibao hicho kuna mita 18.44. Kwa kuwa mrushaji hupiga hatua ndefu kabla ya kuachia, mpira kwa kweli husafiri karibu mita 16.5 tu. Mrushaji mzuri wa chuo hurusha kwa kasi ya kilomita 145 kwa saa, na ukipiga hesabu utaona kwamba mpira huo hufika kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde. Kulizungusha gongo lenyewe, tangu linapoanza kwenda hadi linapogusa mpira, huchukua karibu sehemu moja na nusu ya kumi. Kwa hiyo, mpigaji hubaki na kama robo ya sekunde ya kuuona mpira ukitoka mkononi, kutambua kama ni wa kasi, wa kupinda au wa polepole, kukisia utapita wapi, na kuamua kama aupige au auache. Nilizijua hesabu hizi tangu nikiwa mwanafunzi, na ningeweza kuziandika ubaoni bila kutazama daftari. Ila sikuwa nimejiuliza zinamaanisha nini kwa mtu anayefundisha. Zinamaanisha kwamba ndani ya robo ile ya sekunde hakuna nafasi ya kufikiria kiwiko. Mpigaji akiwaza mikono yake iko wapi, mpira umeshatua kwenye glavu ya mdakaji aliye nyuma ya kibao.

Mwaka 2019 yule kijana wangu wa kwanza alikuja kutazama mechi akiwa na mtoto wake mdogo begani. Baada ya mechi nilimfuata, nikamwambia yale niliyokuwa nimeyabeba kwa miaka mitano, kwamba nilimharibia upigaji wake na kwamba namwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hana kinyongo, ila kulikuwa na jambo moja lililomshangaza siku zote. «Ulinieleza mengi sana kuhusu mwili wangu, Kocha. Lakini hukuniuliza hata siku moja naona nini.»

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, na nilipoyapima nikaona kwamba hayakuwa mageni kabisa. Wapigaji wengine walikuwa wamekwisha kuanza kunifundisha jambo lilelile kwa vitendo, kila mmoja kwa njia yake, nami nilikuwa nimelipokea vipande vipande bila kuliona lote. Namna mtu anavyozungusha gongo ni jibu la mwili wake kwa kile anachokiona kikija. Mikono ya chini ya kijana yule, ule mguu wa juu, ule mwegemeo wa nyuma, vilikuwa njia ambayo mwili wake ulikuwa umeigundua tangu utotoni ya kuwahi mpira kwa wakati. Nilipoiondoa njia hiyo sikumpa nyingine ya kuwahi. Nilimpa umbo zuri ambalo halikujua saa.

Mmoja wa walionifundisha alikuwa mpigaji wa kushoto, mrefu, mwenye nguvu nyingi, aliyekuja kwetu mwaka 2015. Kila mrushaji alipompelekea mpira wa pembe ya nje, yaani upande ulio mbali na mwili wake, yeye aliubingirisha chini kuelekea kwa mlinzi wa besi ya pili, mojawapo ya vituo ambavyo mpigaji hukimbilia, na akatoka, yaani zamu yake ikaisha bure. Ukitazama video bila subira, kosa liko wazi: bega la mbele linafunguka mapema, gongo linakata kwa kupitia juu ya mpira, na mikono inageuka kabla ya wakati. Mwaka mmoja nyuma ningelishughulikia bega lile kwa miezi mitatu. Safari hii, kwa kuwa nilikuwa na woga niliourithi kwa yule wa kwanza, nilikaa kimya nikamtazama kwanza mrushaji, kisha yeye, kisha mrushaji tena. Nikagundua kwamba mpigaji wangu alikuwa haanzi kujitayarisha mpaka mpira uwe umeshaachiwa. Alichelewa kuanza, hivyo ilimbidi afanye haraka, na mwili ukifanya haraka bega ndilo la kwanza kukimbia. Lile bega lilikuwa dalili ya kuchelewa.

Sikumtajia bega. Nilimwomba aanze kunyanyua mguu wake pale tu mkono wa mrushaji unapotoka kwenye glavu, tena aunyanyue polepole, kama mtu anayekanyaga sakafu usiku bila kutaka kuwaamsha waliolala. Wiki ya kwanza alilalamika kwamba anajihisi amefika mapema mno na hana la kufanya ila kungoja. Nikamwambia kungoja huko ndiko tunakokutafuta. Wiki ya tatu mpira wa pembe ya nje ulianza kwenda upande wa kushoto wa uwanja, ukiwa umenyooka, juu ya kichwa cha mlinzi wa besi ya tatu, na bega lake, ambalo hakuna mtu aliyeligusa, lilibaki limefungwa.

Tangu hapo nilianza kuwa mwangalifu mno na maneno. Watafiti wa jinsi watu wanavyojifunza miondoko, na jina linalotajwa zaidi hapa ni la Gabriele Wulf, wameonyesha kwa majaribio mengi kwamba mtu hutenda vizuri zaidi anapoelekeza fikra kwenye matokeo ya tendo lake nje ya mwili kuliko anapozielekeza kwenye viungo vyake. Niliyasoma hayo nikiwa tayari nimeumia, na kwa sababu hiyo yaliniingia. Badala ya kumwambia mpigaji aweke kiwiko ndani, nilianza kumwambia apige mpira uende kugonga nguzo ya pili ya wavu wa upande wa kulia. Badala ya kumwambia azungushe nyonga kwanza, nilimwambia aufanye mpira uvume juu ya kofia ya mrushaji. Nyonga huzunguka zenyewe. Mwili wa kijana wa miaka ishirini una akili nyingi sana za kutafuta njia, mradi tu umwonyeshe mahali pa kufika na usimzibie katikati.

Isieleweke kwamba umbo la mpigo halina kanuni. Nguvu huanzia ardhini, hupita miguuni, ikafika kwenye nyonga, kisha kiwiliwili, kisha mikono, na mwisho gongo, na mpigaji anayevunja mfuatano huo hupoteza kasi. Tena mpira haushuki kwa unyoofu: mrushaji yuko juu ya tuta la sentimita 25, na mpira huja ukiinama, hivyo gongo linalopanda kidogo hukaa kwenye njia yake kwa muda mrefu zaidi kuliko gongo linalokata kutoka juu. Ted Williams, ambaye mwaka 1941 alimaliza msimu wa ligi kuu akiwa na wastani wa 0.406, yaani pigo safi zaidi kidogo ya mara nne katika kila kumi, na tangu hapo hakuna aliyefikisha 0.400 katika ligi za American na National kwa msimu mzima, alilifundisha hilo miaka mingi kabla ya kamera za kompyuta kulithibitisha. Kanuni zipo. Ninachosema ni kwamba wapigaji wawili wanaweza kuzitimiza kanuni hizo kwa sura zisizofanana kabisa, na mwalimu anayeshindwa kutofautisha kanuni na sura ataharibu watu.

Nataka kukaa zaidi kwenye mazoezi yenyewe, kwa sababu humo ndimo nilimopata mabadiliko makubwa kuliko pengine pote.

Sisi ni watu wa nchi ya baridi. Kuanzia Novemba hadi mwishoni mwa Februari theluji hufunika uwanja, na tunafanya kazi ndani ya ukumbi, katika mabanda matatu ya nyavu yaliyoning'inizwa darini. Aidha, kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hutuwekea mpaka wa muda: nje ya msimu mwanamichezo hapaswi kuzidisha saa 8 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kunyanyua vyuma, na wakati wa msimu zisizidi 20. Kila dakika ina thamani. Kwa miaka mitatu ya kwanza niliendesha mazoezi kama nilivyoendeshewa mimi: mpira unawekwa juu ya kijiti, mchezaji anapiga hamsini, kisha mtu anamrushia kwa upole kutoka mbele, anapiga hamsini nyingine, kisha mashine inatema mipira ya kasi moja, mahali pamoja, na mchezaji anapiga mpaka nyavu zinanguruma. Kila mtu alitoka akitabasamu. Ukipita nje ya ukumbi ungeisikia ile milio mikavu ya gongo ukadhani mna timu ya ubingwa humo.

Mechi zikianza, milio ilinyamaza. Mrushaji wa mechi hatemi mpira mmoja. Anarusha wa kasi ndani, kisha wa kupinda unaoangukia nje, kisha wa polepole aliourusha kwa mkono wa kasi uleule, na kazi ya mpigaji ni kutambua kabla ya kupiga. Mazoezi yangu yalikuwa yameiondoa kazi hiyo yote.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulinisaidia kupata ujasiri wa kubadilisha. Wachezaji wa besiboli wa chuo walipewa mazoezi ya ziada mara mbili kwa wiki, kwa wiki sita, mipira 45 kila mara: 15 ya kasi, 15 ya kupinda na 15 ya polepole. Kundi moja liliipiga kwa mafungu, aina moja ikaisha ndipo nyingine ikaanza. Kundi jingine liliipiga ikiwa imechanganywa, bila kujua ipi inafuata. Waliochanganyiwa walipiga hatua kubwa zaidi. Mipira ni ileile, idadi ni ileile, kilichobadilika ni kwamba kundi la pili lililazimika kutazama.

Basi, majira ya baridi ya mwaka 2016 niliweka mashine mbili bega kwa bega nyuma ya pazia la turubai lenye matundu mawili, moja ikirusha kwa kasi na nyingine ikipinda, na mpigaji hakujua tundu gani litatoa mpira. Siku nyingine nilirusha mwenyewe kutoka mita 11 hivi, ili muda wa kufikiri ulingane na wa mechi, nikibadilisha aina kila mara. Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu sana. Wachezaji waliozoea kutoka wakitabasamu walitoka wamekunja nyuso. Mmoja aliutupa ukanda wa glavu zake sakafuni akasema ninawavunja moyo makusudi. Kocha mkuu aliniita ofisini akaniuliza kama nina hakika. Nilimwambia kwamba nina hakika na jambo lenyewe, ila sina hakika kama vijana watanivumilia mpaka Machi. Alikubali nijaribu, kwa sharti kwamba siku ya mwisho kabla ya kila mechi vijana wapige mipira rahisi wanavyotaka. Sharti hilo lilikuwa la busara kuliko mpango wangu, na nimelishika hadi leo, kwa kuwa mpigaji anahitaji pia kuingia uwanjani akiwa na kumbukumbu ya mlio mzuri masikioni.

Tuliongeza na jambo jingine lisilo na gongo kabisa. Warushaji wetu wanapojinoa, mpigaji husimama kando ya kibao amevaa kofia yake ngumu, hazungushi kitu, na mpira ukiwa nusu ya njia husema kwa sauti aina yake, na kama ungepita ndani au nje ya eneo halali. Mdakaji humjibu. Mwanzoni wengi hukosea kama watu wanaobahatisha. Baada ya miezi miwili huanza kukuambia vitu ambavyo wewe uliyesimama nyuma ya wavu huvioni: kwamba mrushaji fulani mpira wake wa kupinda unatoka juu kidogo ya vidole, kwamba fulani anapunguza hatua anapotaka kurusha polepole, kwamba nyuzi nyekundu za mpira zinafanya kidoti kidogo unapoteleza upande. Kwa kazi hii moja nimepata wapigaji wengi kuliko kwa video zote nilizowahi kuzikata.

Ted Williams huyo huyo alipata kuligawa eneo lake la kupigia katika nafasi 77 za mpira mmoja mmoja, akajiandikia wastani anaodhani angepata katika kila nafasi: 0.400 katikati, 0.230 tu katika pembe ya chini ya nje. Nimewapa wapigaji wangu zoezi hilo kila mwaka, wachore mraba na wajiandikie wenyewe, kwa penseli, kisha tuutazame pamoja mwishoni mwa msimu. Ukweli unaojitokeza kwenye karatasi hizo ni kwamba wengi wao hawana tatizo la kupiga mpira. Wana tatizo la kupiga mipira ya 0.230 wakati ya 0.400 bado inakuja.

Nilikosea tena, na kosa la pili lilikuwa la kufuata upepo. Ligi kuu ilipofunga vifaa vya kupimia kila mpira uwanjani mwaka 2015, lugha ya mchezo ilibadilika ndani ya miaka miwili: kila mtu akazungumzia kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo na nyuzi za pembe unayopanda nayo. Chuo chetu nacho kikapata kifaa kidogo cha kubandika kwenye kitako cha gongo na kingine cha kupimia ndani ya banda. Niliwaambia vijana wote wanyanyue mpira. Wote, mrefu na mfupi, mwenye nguvu na mwepesi. Wahenga walisema akili ya kuambiwa uchanganye na yako, nami mwaka 2017 sikuchanganya chochote.

Kijana wetu aliyeongoza kwa mapigo safi alikuwa mwembamba, na mpira wake ulitoka kwa kasi ya kilomita 137 kwa saa hivi. Kwa kasi hiyo, mpira uliopanda kwa nyuzi 30 hufika mita 90, ukatua kwenye glavu ya mlinzi wa nje ambaye hakulazimika hata kukimbia, kwa maana uzio uko mita 100 pembeni na hadi mita 122 katikati. Isitoshe, magongo ya chuma ya vyuo yamebanwa na kiwango kinachoitwa BBCOR tangu mwaka 2011, kilichopunguza mruko wa mpira ili kuulinda mwili wa mrushaji na kuyakaribisha magongo hayo kwenye tabia ya mbao. Aliyekuwa akipiga mipira iliyonyooka kati ya nyuzi 10 na 20, inayoangukia kwenye nyasi mbele ya walinzi, sasa alikuwa akipaisha mipira mizuri ya kutazama na kurudi kukaa. Niliitambua hali hiyo mwishoni mwa Machi, nikamwita, nikamwambia kosa ni langu. Ilimchukua wiki tano kurudi alipokuwa.

Sikuvitupa vifaa. Ninavitumia hadi leo, na vimenifaa sana kujua kama mazoezi ya magongo mazito na mepesi ya majira ya baridi yameongeza kasi kweli au yamemchosha tu kijana. Ila siku hizi namba huja baada ya swali. Kwanza nataka kujua mpigaji huyu mmoja, kwa kasi aliyonayo leo, mpira wake ukienda wapi unamfaa, ndipo nitazame kifaa kinasema nini. Gongo la mbao ni mpimaji mwingine mzuri, tena halidanganyi: wachezaji wetu kadhaa huenda ligi za majira ya joto zinazotumia mbao, na mpira ukigusa sentimita chache nje ya kitovu cha gongo, mikono huungua na gongo huvunjika. Hurudi Agosti wakiwa na heshima mpya kwa mahali mpira unapogusa.

Mtu aliyeniuliza swali gumu kuliko yote kuhusu kazi hii hajawahi kuona gongo la besiboli. Bibi yangu, yuko Tanga, na kila Jumapili nampigia simu. Siku moja baada ya salamu, shikamoo na marahaba na habari za ndugu wote mmoja mmoja, aliniomba nimweleze ninachofanya, nikamweleza kwamba nawafundisha vijana jambo ambalo hodari wao hushindwa mara saba katika kumi. Alinyamaza, kisha akauliza, «Sasa mjukuu wangu, hizo mara saba unawafanyaje wasijichukie?»

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilikuwa nimetumia miaka kujibu habari za mara tatu. Daraja letu la NCAA lina ufadhili kamili 9 tu wa kugawa kwa timu yenye vijana zaidi ya thelathini, hivyo wengi wao wana robo ya ada, au chini ya hapo, na kila anayekosa mpira anajua kwamba baba yake aliyeendesha gari kwa muda wa saa nne kuja kutazama amelihesabu kosa hilo. Tangu swali la bibi nilianza kuandika daftari la aina nyingine. Kwa kila zamu ya mpigaji naandika kama alichagua mpira mzuri, kama alianza kwa wakati, na mpira ulienda wapi, kabla sijaandika kama alifika besi. Kijana aliyetoka bure mara nne, lakini mara tatu aliupiga mpira sawasawa ukadakwa, namwonyesha ukurasa wake jioni ileile. Wengine huunyamazia. Wengine huniomba niwapigie picha, wakaituma nyumbani.

Vuli hii ameletwa kwetu kijana kutoka mji mdogo wa Kansas, analishika gongo kwa chini kabisa, kidole cha mwisho kikining'inia nje ya kitako chake, na anajikunja magoti kiasi kwamba kofia yake iko usawa wa kiuno cha mdakaji. Nimekaa nyuma ya wavu kwa wiki tatu bila kumgusa. Jumanne iliyopita alitoka kwenye banda akanijia, jasho likimtiririka, akauliza kwa wasiwasi kwa nini nawasemesha wenzake wote isipokuwa yeye.

Nilimwambia ninamtazama, na kwamba ningependa kwanza aniambie mpira ule wa mwisho, alioukosa, ulionekanaje ulipotoka.

Alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akasema uliruka juu kidogo mwanzoni, kisha ukazama, na kwamba aliuona unaruka lakini mikono ilikuwa imeshakwenda. Nikaandika hivyo, kwa maneno yake, chini ya tarehe, nikamwomba arudi ndani akautazame mwingine.